Kwangu Kuna, Kwangu Hakuna

3 Februari

Kaka Nukta,

Miwani imefika salama, na asante sana. Nimeivaa ofisini tangu jana, na kwa mara ya kwanza mwaka huu nimesahihisha kurasa sitini za kitabu cha jiografia bila kukunja uso kama mtu aliyelamba ndimu. Wenzangu wa meza ya usahihishaji wanasema nimegeuka mwalimu mkuu. Nimewaambia fundi wa miwani ni kaka yangu wa damu, lakini hapokei simu, kwa hiyo anayetaka lenzi aandike barua.

Nimekupigia mara ngapi, Kaka? Kama umenikasirikia sema tu, nijue moja. Mama hakukosea kukuita Nukta. Ukisema neno moja umemaliza, na mimi Mkato wake nimebaki naning'inia katikati ya sentensi.

Sasa sikia. Miwani uliitia ndani ya bahasha ndogo ya lenzi, zile za kaki. Nilipoigeuza nikakuta mwandiko wa Mama nyuma yake. Ni ule mwandiko wa mkono wa kushoto, wa baada ya kiharusi, herufi zote zimelalia upande mmoja. Ameandika:

Kwangu kuna barua.
Kwangu kuna mvua.
Kwangu kuna jua.
Kwangu kuna hatua.

Nilikaa chini. Miaka miwili tangu tumzike, na fumbo lake linanifikia kwa posta kama vile bado yuko kwenye kiwanda cha uchapaji, anapanga herufi za risasi za fumbo lake la gazeti la Jumamosi. Unakumbuka lile la nazi? "Kwangu kuna nazi, hakuna embe. Kwangu kuna ziwa, hakuna mto. Kwangu kuna mate, hakuna machozi." Watu wakakuna vichwa wiki nzima, kumbe ni kugeuza silabi tu: nazi inakuwa zina, ziwa linakuwa wazi, mate yanakuwa tema. Halafu yule msomaji akaandika kulalamika kwamba gazeti linatangaza zina, na Mama akamjibu kwamba nyumba zina milango, yeye atafute wake atoke. Tulicheka mpaka jirani akagonga ukuta.

Hili la bahasha nimelifumbua kabla chai haijapoa. Maneno yote manne yana "ua" ndani yake. Lakini ni ua lipi? Ua la kunusa, au ua wa nyumba? Kama alificha kitu uani, nakuomba uchimbe, na simaanishi uani kule tunakokwenda haja.

Halafu jambo jingine. Upande wa "hakuna" uko wapi? Mama hakuwahi kutoa fumbo la upande mmoja. Alikuwa akisema orodha ya "kuna" peke yake inaweza kuwa na majibu kumi, na ni ile ya "hakuna" inayoyafukuza mpaka libaki moja. Niandikie, usininyamazie.

Mdogo wako,
Mkato


Tarehe 12, mwezi wa pili

Mdogo wangu,

Waraka wako nimeupata. Nafurahi miwani imekukaa vizuri. Ukiona kichwa kinagonga, ishushe kidogo kwenye daraja la uso, utaizoea.

Sijakukasirikia. Simu imeharibika.

Bahasha ile ilichanganyika na nyingine mezani. Haikupaswa kutoka humu ndani. Tafadhali irudishe kwa posta wiki hii, na usiikunje.

Upande wa pili Mama hakuufikia. Mkono wake ulichoka. Nyuma ya nyumba hapana kilichofichwa. Nafahamu unayapenda mafumbo yake, lakini hili usilifikirie sana. Mgonjwa akifika mwisho, vidole hucheza tu.

Huku manyunyu ni ya kila siku, na paa la karakana linavuja juu ya mashine ya kusagia lenzi. Nimeweka ndoo. Ndiyo habari yangu yote.

Kaka yako,
Nukta


20 Februari

Kaka,

Bahasha sijairudisha, na siirudishi mpaka unijibu kama mtu.

Barua yako niliisoma mara ya kwanza kama dada yako. Mara ya pili niliisoma kama ninavyosoma kazini, kalamu nyekundu mkononi, kwa sababu kuna kitu kilinikwaruza. Nani siku hizi anaandika "waraka"? Na kwa nini "mwezi wa pili", wakati tangu shuleni wewe ni mtu wa Februari? Kwa nini manyunyu, wakati redio inasema huko kwenu kuna mafuriko? Nikatoa kadi zote tatu ulizonitumia tangu msiba, nikazipanga kitandani. Hujui kitu siku hizi, unafahamu tu. Hununui, unapata dukani. Huchagui, unapenda hiki kuliko kile. Kurasa zote hizo, miaka miwili, hakuna "ua" hata moja.

Kwanza nilicheka. Nikadhani umenitungia fumbo la kwako, na kwamba nimechelewa kuliona. Halafu nikajaribu mwenyewe kusema sentensi tano bila "ua". Ya pili ikanishinda. Neno hilo limejaa kila mahali, Kaka: fungua, chukua, inua, tambua, amua, sumbua. Mtu hawezi kulikwepa miaka miwili kwa mchezo. Anayefanya hivyo anaogopa.

Ndipo nikaikumbuka barua yangu ya kwanza. Nilikuuliza ni ua lipi, la kunusa au wa nyumba. Lile la tatu sikulitaja. Sikulisahau, ila halikuwa neno la kumtia Mama mdomoni. Sasa nalitaja: kuua.

Mama alikuwa anakuomba nini siku ile? Na wewe ulifanya nini?

Mkato


Tarehe 2, mwezi wa tatu

Mdogo wangu,

Umeona. Nilisema moyoni kwamba ukipata kurasa za kutosha utaona, ndiyo maana nilikuwa nakuletea mistari michache tu.

Simu haijaharibika. Kwenye simu siwezi kuyapanga maneno kabla hayajatoka, na mtu wa upande wa pili siwezi kumpangia yake. Hata wateja, kila mmoja anaingia na neno lile mdomoni. Wanalisema wakikaa, wakiondoka, wakitaka dirisha liwe wazi. Kwenye ubao wa kupimia macho nimefuta mistari miwili yenye herufi zile mbili pamoja. Mzee mmoja aliniuliza mbona ubao una mapengo, nikamwambia ni macho yake. Nilimtengenezea miwani asiyoihitaji.

Sasa nitakueleza. Ilikuwa saa tisa mchana. Mama alikuwa amelia tangu asubuhi, kile kilio chake kisicho na sauti, mdomo umepinda. Ilikuwa imefika miezi kumi na minne, Mkato. Nilimgeuza kila saa mbili, nilimlisha, nilimwosha, mpaka mgongo wangu ukagoma kunyooka. Wewe ulikuwa unasema utakuja mwisho wa mwezi. Sikulaumu, nakueleza tu jinsi siku ilivyokuwa.

Alinionyesha penseli kwa kidole. Nikampa, pamoja na bahasha niliyokuwa nayo mfukoni. Aliweka maneno manne. Jibu nililipata hapo hapo, kama nilivyokuwa nikiyapata yote utotoni, yeye akiwa bado ananitazama aone kama nimeng'amua

Hapo umeona. Kosa la kwanza kwa miaka miwili, na siwezi kulifuta kwa sababu ni wino. Naendelea.

Alikuwa ananiomba. Maisha yake yote alificha neno ndani ya neno, na sasa ulimi umekufa, amebakiwa na njia hiyo moja tu ya kuniomba. Ndivyo nilivyosoma. Kabla ya magharibi nilimpa dawa yote ya maumivu iliyobaki. Nilimshika mkono. Alilala. Daktari alisema moyo ulichoka, na hakuna aliyeuliza zaidi.

Nilimtii Mama. Kila siku najisemea hivyo. Na kila siku neno lile likinipiga masikioni, naiona chupa mkononi mwangu, naona na vidole vyangu vilivyoishika. Sipati usingizi wa maana. Kama yupo mtu wa kulisoma fumbo la Mama na kunithibitishia kwamba nilisoma sawa, ni wewe. Lisome, halafu nipe jibu.

Kaka yako,
Nukta


9 Machi

Shikamoo Mama Mdogo,

Pole na magoti. Najua mafumbo yetu huyapendi, lakini nivumilie kwa hili moja. Nataka kukuuliza kuhusu siku ya mwisho ya Mama. Siku ya msiba ulinisimulia kwamba mchana ule ulikwenda kumwogesha. Je, aliandika kitu chochote mbele yako?

Kaka ana karatasi moja tu, yenye maneno haya: kuna barua, kuna mvua, kuna jua, kuna hatua. Mimi natafuta upande wa "hakuna", kama aliuandika. Bila huo siwezi kujua alikuwa anasema nini.

Tafadhali usimuulize Kaka. Hajisikii vizuri.

Mwanao,
Mkato


18 Machi

Marahaba mwanangu,

Magoti ni yale yale. Siku hizi yanatabiri mvua kuliko redio.

Mafumbo yenu yalinishinda tangu dada yangu alipoanza kurudi nyumbani na vidole vyeusi. Kutwa kucha "kwangu kuna, kwangu hakuna", mpaka ikawa mtu akikuuliza kama kuna chumvi huwezi kujibu kwa amani, unahisi unategwa.

Ndiyo, aliandika. Nilipofika, kaka yako alikuwa anatoka chumbani, uso umemshuka, akanipita mlangoni hata salamu hakunipa. Dada akaniona, akaninyooshea kidole kwamba anataka karatasi. Nikachana jani la kalenda pale ukutani nikampa. Akaandika nyuma yake polepole, jasho linamtoka. Nikasoma: Hakuna mua. Hakuna sabuni. Hakuna pua. Hakuna chumvi. Hakuna mafua.

Mimi nikajua vitu vimeisha nyumbani. Pua na mafua nikasema basi, akili inamhama kidogo, lakini hivyo vingine ni vya dukani. Nikamwambia, "Dada, usijali, kesho asubuhi nakuletea vyote." Akanikodolea macho yale yake ya kunikasirikia, akapiga godoro kwa mkono mara mbili. Nikamwogesha, nikambusu, nikaenda zangu na jani la kalenda kwenye mkoba.

Kesho yake nilifika na mche wa sabuni, pakiti ya chumvi, na mua nimeuweka begani. Nikakuta watu wamekaa nje na viti vimetolewa. Nilisimama pale na mua wangu mpaka mtu akaja kunipokea. Tangu siku hiyo mua haujapita mdomoni mwangu.

Jani lile sikuweza kulitupa, lina tarehe yake. Nimelitia humu, kaa nalo wewe uliyeyapenda maandishi yake.

Umeniuliza maana. Herufi zenu mimi sizijui, lakini barua, mvua, jua, hatua za mtu mlangoni, si ndivyo vitu ambavyo mtu hukaa dirishani akavisubiri? Mua hausubiriwi, unanunuliwa. Mafua nayo hayasubiriwi, yanakuja yenyewe. Mwezi ule wote alikuwa anatazama njia. Kila likisikika basi la mchana alikuwa anainua kichwa, na mimi namrudisha kwenye mto wake, namwambia bado, dada, bado hajafika. Nilidhani mnajua.

Mwambie kaka yako ale vizuri. Juzi nilimwona sokoni, amekonda na hasemi.

Mama yako Mdogo


25 Machi

Mama Mdogo,

Jani la kalenda limefika. Nakuomba jambo moja, na usiniulize sababu. Kaka asijue kwamba lipo. Wala orodha, wala habari ya dirishani. Akikuuliza kama Mama aliandika chochote, sema hakuandika. Najua nakuomba useme uongo, na najua hukuzoea.

Sisi wawili tulitafuta neno lililofichwa ndani ya yale manne, na tukalipata, sote tukapata lile lile. Lakini neno hilo limo pia ndani ya mua, na pua, na mafua, na Mama ameyaweka hayo upande wa "hakuna". Kwa hiyo jibu letu si jibu. Alikuwa ameacha kutufichia neno ndani ya neno, labda kichwa hakikumruhusu tena, na sisi hatukuliona hilo. Nilijaza daftari zima kwa silabi na herufi. Wewe umelipata kwa pumzi moja kwa sababu ulikuwepo chumbani.

Mwezi ule niliahirisha safari mara tatu. Mara zote tatu ilikuwa vitabu vya mitihani. Nilisema atanisubiri, na kweli alinisubiri.

Kaka alisoma maneno yale vibaya na ameshaishi na alivyosoma. Mimi siwezi kwenda kumwongezea.

Mwanao,
Mkato


27 Machi

Kaka,

Nimelisoma fumbo. Nimelisoma wiki tatu, mbele na nyuma, kwa silabi na kwa herufi, kama Mama alivyotufundisha.

Ulisoma sawa. Mama alichoka, alikuomba, na wewe ulimtii. Wengine tulikuwa mbali, wewe ulikuwepo, kwa hiyo uliyeombwa ulikuwa wewe. Usijitese tena kwa jambo hilo.

Sasa ukiandika barua, iite barua. Ukipokea simu, pokea watu na maneno yao yote. Rudisha mistari kwenye ubao wa macho, na yule mzee mtafute umwombe radhi. Bahasha nakurudishia humu, sijaikunja.

Nitakuja kukuona kazi ikipungua.

Mdogo wako,
Mkato


8 Aprili

Mkato,

Barua yako imefika. Nimeliandika neno hilo, na kama unavyoona mkono bado upo.

Barua hiyo nimeisoma mara nyingi kuliko ulivyoyasoma maneno manne. Ni nzuri. Niliposoma mara ya kwanza nililala mchana ule ule, juu ya kiti cha wateja, mpaka mtu akagonga mlango. Nilipoamka nikaisoma tena, na ndipo nikatambua kitu ambacho hakimo. Hukuuliza upande wa "hakuna" uko wapi. Februari uliuliza. Sasa unaniambia nilisoma sawa, na huulizi. Tangu una miaka saba hujawahi kukubali fumbo la upande mmoja, ulikuwa unalia mpaka Mama akupe wa pili. Mtu huyo akikubali kirahisi hivi, ni kwamba wa pili ameupata.

Kwa hiyo sitakudanganya tena. Nilikuambia Mama hakuufikia. Nilipotoka chumbani na bahasha mkononi, Mama Mdogo alikuwa anaingia. Nilisimama ukumbini, mlango uko wazi, na nikasikia karatasi ikichanwa, kisha penseli. Penseli ya Mama naijua. Nilijua anaandika nini, maana baada ya "kuna" hakuwahi hata siku moja kuacha kuandika "hakuna". Ningerudi hatua tatu tu, ningesoma juu ya bega lake.

Sikurudi. Nilikuwa nimeshapata jibu, na jibu lile lilikuwa linaniruhusu kupumzika. Nilichoka, Mkato. Nilichoka mpaka kuna asubuhi nilikuwa namchukia mama yangu, namchukia na kijiko chake na shuka zake, na hilo sijamwambia mtu mpaka leo. Sikutaka fumbo lile liwe na upande wa pili. Nikaenda karakanani nikawasha mashine ya kusaga lenzi, isiyokuwa na lenzi ndani, ili nisiisikie penseli.

Hilo ndilo nililolikimbia miaka miwili. Neno lile lilikuwa kisingizio tu. Kulikwepa kulinipa kazi ya kufanya, na nikiwa na kazi sikulazimika kuikumbuka penseli.

Usinitumie hiyo orodha. Nikiwa nayo nitaisoma kila siku, nitaanza kumjibu, na mimi naishi peke yangu. Nataka kitu kimoja tu, ndiyo au hapana, na usinionee huruma kama ulivyofanya mwezi uliopita. Alikuwa ananiomba?

Nukta


15 Aprili

Kaka,

Hapana.

Alikuwa ananisubiri mimi.

Mkato